Manyunyu ya Kihansi



Akitajwa mnyama aliye hatarini, mawazo yetu hukimbilia pembe za ndovu na bunduki ya jangili. Jioni hii nataka tumtazame kiumbe ambaye hakuna aliyemwinda, na bado alitoweka: chura wa Kihansi.

Ana rangi ya dhahabu, na urefu wake haufiki sentimita tatu. Hapiti hatua ya kiluwiluwi. Mama huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura, kila mmoja kama punje ya mchele. Duniani kote makazi yake yalikuwa hekta chache tu za korongo katika milima ya Udzungwa, ambamo mto Kihansi ulianguka kwa kishindo na manyunyu hayakukatika usiku wala mchana. Majani yalilowa, mawe yalilowa, hewa yenyewe ililowa. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza.

Mwaka 2000 mitambo ya megawati 180 ilikuwa kazini, na karibu asilimia 90 ya maji yalipitishwa chini ya ardhi. Maporomoko yakanyamaza. Nchi ilikuwa na kiu ya umeme, wala siwalaumu walioutafuta. Kinachoniuma ni kwamba kila tone lilipigiwa hesabu isipokuwa lile lililokuwa likirukia majani.

Vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, na kwa muda yakasaidia: Juni 2003 vyura walikadiriwa kuwa 20,000 hivi. Januari 2004 walionekana watatu. Kuvu inayoua vyura ilikutwa kwenye mizoga, na tope lililofunguliwa kutoka bwawani siku zilezile limetajwa pia. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa hayupo tena porini. Uzao wa wale waliosafirishwa ulianza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Nawavulia kofia waliowalea. Lakini leo manyunyu yale yanategemea tundu la bomba lisizibe.

Tusidhani ni kisa cha chura peke yake. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu 1993 hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kwa kuwa maji yake huchotwa juu, katika bonde la Usangu, kwa ajili ya mpunga. Viboko hubanana katika madimbwi yaliyosalia, migongo ikipasuka kwa jua.

Sheria yetu ya maji ya mwaka 2009 inautambua mgao wa mazingira. Ombi langu kwa wanaotoa vibali vya maji: kabla ya kusaini, mtumeni mtu akakae mwaka mzima, masika na kiangazi, pale maji yanapofikia, si pale yanapochukuliwa tu. Na wanafunzi wangu wa zoolojia, mtu huyo awe mmoja wenu.