Ufunguo wa Motokaa na Cheche

Natumaini kila kundi limekwisha keti. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: CHECHE. Lisomeni pamoja: che-che. Vema.

Watu wengi hufikiri kwamba ufunguo ndio unaowasha injini ya petroli. Sivyo. Ukiuzungusha, unaufungulia njia umeme wa betri upite mpaka kwenye koili. Ukizidi kuuzungusha, stata huianzisha injini. Ukiuachia, hurudi nyuma kidogo, lakini njia ya koili hubaki wazi.

Koili ni nyaya mbili za shaba zilizozungushiwa chuma. Mmoja ni mnene, wenye mizunguko michache. Wa pili ni mwembamba, wenye mizunguko maelfu. Betri ya motokaa ni ya volti 12, na nguvu hiyo haiwezi kuruka nafasi iliyo kwenye ncha ya plagi, ingawa nafasi yenyewe ni kama milimita 1 tu. Basi umeme hupitishwa katika waya mnene, kisha hukatwa ghafula. Hapo ndipo penye ajabu: kule kukatwa ndiko kunakozaa nguvu katika waya mwembamba, hata volti 20,000. Nguvu hiyo huruka kwenye plagi, na cheche huwasha petroli na hewa zilizoshindiliwa ndani ya silinda. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, yahitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo. Zamani umeme ulikatwa na pointi, vipande viwili vya chuma vilivyogusana na kuachana. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na vifaa vya elektroniki. Dizeli haina habari ya cheche. Yenyewe huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa.

Niliwahi kupanda teksi katika njia ya milimani. Tulipofika mteremkoni, dereva alizima injini, eti anaokoa petroli. Nilimsihi aiwashe, akacheka. Penye kona alikanyaga breki mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ikawa ngumu kama jiwe. Tulisimamishwa na ukingo wa udongo.

Sababu ni hii: katika motokaa nyingi breki husaidiwa na mvuto wa hewa utokao kwenye injini. Injini ikizimwa, msaada uliobaki huisha upesi. Na lau angaliuchomoa ufunguo, mambo yangalikuwa mabaya zaidi. Motokaa nyingi zina kufuli ya usukani: ufunguo ukitoka, kipande cha chuma huukamata mhimili, na usukani haugeuki tena. Kufuli hiyo iliwekwa kwa ajili ya wezi. Nyingi hazitambui kama gari limesimama au linakwenda.

Mwalimu, andika swali la kujadiliana: Kwa nini injini ya petroli hufa mara umeme wa koili ukatwapo, hata kama tangi limejaa? Kwa herini.