Anwani ya Faili Chini ya Ukurasa

Leo sitazungumzia mizani wala tarehe za mwisho wa matumizi ya bidhaa. Ninaomba tuitazame huduma ambayo wengi wetu huinunua bila ya kuihesabu kuwa ni manunuzi, nayo ni kuchapishiwa waraka dukani. Iwe Chake Chake, Wete au Mkoani, mtu huingia steshenari na karatasi aliyoiandika kwa mkono, akatoka na mkataba, ombi la kazi au hati ya mauziano. Amelipia kuandikiwa na amelipia karatasi. Faili lenyewe, yaani ule waraka uliobaki ndani ya kompyuta, hajui liko wapi.

Chukueni mfano wa ukodishaji wa mikarafuu. Mwenye shamba na anayekodi wamekubaliana kabla ya mavuno. Mkataba ukaandikwa, ukasomwa, ikarekebishwa idadi ya miti na siku ya malipo, ukachapishwa tena. Zikabaki karatasi mbili zinazofanana kama pacha. Karafuu zikishaanikwa majamvini, kila upande unashika yake na kudai kuwa ndiyo ya mwisho. Wakirudi dukani, kijana aliyewachapia hayupo tena, na faili limo miongoni mwa mamia yaliyoitwa "mkataba", "mkataba mpya" na "mkataba mpya kabisa". Huishia kuandikiwa upya, na kulipa upya kwa kazi iliyokwisha lipiwa.

Ofisi za Serikali zilikwisha litatua jambo hili zamani, kabla ya kompyuta. Juu ya barua rasmi pana "Kumb. Na.", na karani akiisoma namba ile hujua afungue jalada gani. Kompyuta nayo ina uwezo wa kuandika, juu au chini ya kila ukurasa, jina la faili na mahali lilipohifadhiwa, kwa mfano: D:\Wateja\2024\Mikarafuu\Mkataba_2.docx. Herufi ya mwanzo ni diski, yanayofuata ni makabrasha, na la mwisho ni jina la faili.

Katika programu ya Word, mchapaji huingia kwanza sehemu ya chini ya ukurasa, kisha Insert, Quick Parts, Field, akachagua FileName na kutia alama penye maneno Add path to filename. LibreOffice nayo inayo nafasi kama hiyo. Kazi yenyewe haifiki dakika mbili, kwa hiyo si vibaya kuiomba.

Waraka lazima uhifadhiwe kwanza, la sivyo patachapishwa jina la muda tu, kama Document1. Tena mstari huu haujigeuzi wenyewe kila faili linapohamishwa. Likinakiliwa kwenye fleshi au likipewa jina jipya, mstari huweza kubaki na anwani ya zamani mpaka mchapaji auchague na kubonyeza F9. Kwa hakika hapa ndipo watu wengi hupotezwa: wanashika karatasi yenye anwani ya nyumba ambayo faili limekwisha ihama. Fleshi ina udhia wake pia, kwani kompyuta moja huiita E na nyingine F.

Anwani hii si muhuri. Mtu yeyote anaweza kuiandika kwa mkono wake, na faili linaweza kubadilishwa ndani huku jina likibaki lile lile. Linalowafunga wahusika ni saini zao na za mashahidi. Anwani inasaidia kulipata faili, na kutofautisha Mkataba_1 na Mkataba_2, basi; ndiyo sababu kila marekebisho yanastahili namba yake.

Tena ina mdomo. Ombi la kazi lililoandikwa chini yake "Ombi_la_nne" humwambia mwajiri habari ambayo hakuuliza. Kabrasha lililoitwa "Talaka" au "Madeni", lenye jina la mteja, litasomwa na kila atakayeishika karatasi. Kwa barua inayokwenda kwa mtu wa nje, mwambieni mchapaji aiondoe njia na kubakisha jina la faili, au afute mstari wote. Nakala yenye anwani kamili mbaki nayo nyumbani.

Kabla ya kulipa, basi, ulizeni bei ya kuandikiwa na bei ya kuchapishiwa tena, kila moja peke yake. Ombeni faili liwekwe kwenye fleshi yenu, lifunguliwe kutoka humo mbele ya macho yenu, na mstari wa chini uhuishwe. Ikiwa waraka ni wa siri, semeni wazi kama mnataka nakala ya dukani ifutwe, pamoja na ile iliyobaki katika pipa la taka la kompyuta, maana faili lililotupwa humo hurejeshwa kwa kubonyeza mara mbili tatu tu.