Damu ya Mama na Uhai wa Mtoto
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Bujora)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo watu hulitaja kwa kunong'ona, yaani mtoto kuzaliwa hali amekwisha kufa. Mara nyingi mama ndiye hulaumiwa, au jirani hutuhumiwa uchawi, na nyumba ya watu wema huvunjika. Yafaa basi tusikilize yaliyothibitishwa katika mkoa wetu wenyewe.

Wenyeji wa Bujora si wageni wa kazi ya uchunguzi. Mwaka 1994, hapa Kisesa, ilianzishwa kazi ya kuwaandika watu nyumba kwa nyumba, waliozaliwa na waliokufa. Tena mwaka 2002 Bibi Deborah Watson-Jones na wenzake walitangaza uchunguzi uliofanywa Mwanza juu ya kaswende kwa wanawake wajawazito. Miongoni mwa akina mama ambao hawakupimwa damu wakati wa mimba, 73 walikuwa na kaswende yenye nguvu, na 18 kati yao walizaa watoto wafu. Katika akina mama 233 wasio na ugonjwa huo, waliopatwa na msiba huo walikuwa 3 tu. Ikaonekana ya kuwa, kwa wasiopimwa, nusu ya watoto waliozaliwa wafu waliuawa na kaswende.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Mama huweza kulima na kuchota maji kama desturi, pasipo kidonda wala maumivu, kumbe vijidudu vyapita katika kondo na kumwingia mtoto. Kungoja dalili ni kungoja maafa.

Walakini dawa ipo, nayo si ghali. Uchunguzi uo huo ulionyesha ya kuwa akina mama waliopimwa wakapewa dozi moja tu ya sindano ya penisilini, hawakupata watoto wafu kuwazidi wale wasio na ugonjwa. Kipimo nacho ni tone la damu ya kidole, na jibu hupatikana kabla ya nusu saa kwisha.

Basi wajibu ni wa nani? Mke na aende kliniki mapema, mimba ingali changa. Mume na aandamane naye, apimwe na kutibiwa, maana mke aliyepona huambukizwa tena na mume asiyetibiwa. Na sisi watumishi wa serikali tusijidhani tu nje ya shauri hili. Karani achelewaye kuandika hati ya kuagiza dawa, na mtunza ghala asiyehesabu vipimo vilivyosalia, huenda wamemnyima mtoto uhai wasimjue hata jina.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo huu tusiuone mwepesi kwa kuwa wabebao ni wake zetu na dada zetu.