Mifumo Miwili katika Kompyuta Moja

(Hotuba iliyotolewa na mhazini wa zamani wa Chama mbele ya wanachama na wanafunzi)



Mwaka 2019, nikiwa mhazini wenu, niliwaandikia mlete upya stakabadhi za michango ya ukarabati wa bweni. Sikueleza sababu. Leo nimeombwa nizungumze juu ya kuweka Ubuntu kando ya Windows, nami siwezi kuanza bila kuieleza.

Hesabu zote zilikuwa katika kompyuta yangu mpakato. Usiku mmoja nilianza kuweka Ubuntu. Mashine iliniuliza: iwekwe kando ya Windows, au ifute diski yote? Nilikuwa na usingizi, na haraka pia, nikabonyeza la pili. Hesabu za miaka 6 zilitoweka kabla chai yangu haijapoa. Nakala sikuwa nayo, na ujasiri wa kuwaambieni sikuwa nao.

Basi vijana, sikilizeni. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zisizokubali Windows 11 bado ni nzima kabisa. Ubuntu hailipiwi. Lakini kwanza nakilini kila kitu kwenye diski ya nje, kisha ichomoeni. Ikiwa diski ya kompyuta imefungwa kwa BitLocker, andikeni karatasini ule ufunguo wa tarakimu 48, maana Windows yaweza kuudai baadaye. Halafu, mkiwa ndani ya Windows yenyewe, punguzeni sehemu yake muache nafasi tupu. Gigabaiti 25 ndicho kiasi cha chini, mimi huacha 50. Zimeni pia ule mpango wa Windows wa kuwaka haraka, kwani huiacha diski katika hali ya usingizi, na Ubuntu ikiandika humo faili huweza kuharibika. Ndipo muwashe kwa flashi yenye Ubuntu. Na lile swali likija, lisomeni mara mbili.

Baada ya hapo, kila mkiwasha mtaletewa orodha mchague mfumo. Saa ya Windows ikibaki nyuma kwa saa 3, msishtuke: Ubuntu huweka ndani ya mashine saa ya Greenwich, na Windows huidhania ya hapa kwetu.

Wenzangu, majina 14 hadi leo hayana stakabadhi. Nimeyabandika mlangoni mwa bwalo, na chini yake nimeweka sahihi yangu.