Silaha ya Kale na Namba Yake: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua au Kurithi

Ndugu wananchi wa Kibiti na wa delta ya Rufiji, wazee wetu, akina mama na vijana,

Tunazungumzia silaha za zamani, kwa kuwa eneo hili lina historia nazo. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa hapa. Tarehe 11 Julai 1915 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliishia ndani ya delta, na mizinga yake 10 ikaopolewa ikatumika nchi kavu. Magobore nayo yamelinda mashamba ya mpunga dhidi ya nguruwe na viboko, mkulima akikesha katika dungu. Si ajabu basi mtu kurithi bunduki, au muuzaji kubisha hodi na silaha anayodai ni ya Mjerumani.

Swali la kwanza ni hili: je, uzee wa silaha unaiondoa mikononi mwa sheria? Msidhani hivyo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 hairuhusu silaha iliyotengenezwa baada ya 1899 kuitwa ya kale. Kwa kipimo hicho, bunduki ya mwaka 1914 ni silaha kama nyingine, ingawa imepita miaka 100. Hapa nchini umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nayo inadai leseni. Maneno ya muuzaji kwamba "hii ni ya makumbusho" si leseni.

Swali la pili ni la namba. Bunduki za Mauser za mwaka 1871, walizobeba askari wa Kijerumani, zilipigwa namba kamili katika sehemu kuu na tarakimu za mwisho katika sehemu ndogo. Namba zikitofautiana, huenda kipuri kilibadilishwa zamani wakati wa matengenezo. Namba iliyosuguliwa kwa tupa, au iliyopigwa upya juu ya nyingine, ni jambo jingine. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 inazitaka nchi wanachama zihesabu kufuta au kubadilisha alama za silaha kinyume cha sheria kuwa kosa la jinai.

Kuna pia namba iliyohamishwa: mtu huchukua mtutu wenye namba halali akaufunga kwenye bunduki nyingine, kisha akaonyesha leseni ya ile ya kwanza. Mnunuzi huona karatasi na chuma vinasomana, akalipa. Lakini leseni ilitolewa kwa silaha moja na kwa mtu mmoja. Haihami pamoja na mtutu.

Kwa nini tunasisitiza? Wakazi wa hapa wanakumbuka Aprili 2017, askari polisi 8 walipouawa na silaha zao kuporwa. Silaha iliyoporwa hutambuliwa kwa namba yake. Ikifutwa, aliyekutwa nayo ndiye atakayeulizwa, hata kama aliinunua kwa nia njema.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo.

Usinunue silaha yenye namba iliyoguswa, hata kwa bei ya kutupa.

Usisugue kutu kwa msasa. Hewa ya chumvi huku hula chuma upesi, na msasa unaweza kumaliza namba iliyokuwa bado inasomeka.

Gobore la fundi wa kijijini lisilo na namba, usilipige namba mwenyewe. Peleka taarifa polisi.

Ukirithi bunduki, kumbuka kwamba leseni ya marehemu haikurithiwa. Usiipakie kwenye bodaboda. Mjulishe mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi kwanza, ufuate maelekezo, na uombe hati ya makabidhiano yenye maelezo ya silaha.

Ukiona chuma cha vita kwenye mikoko, usikiguse. Huenda ni kombora.

Serikali imewahi kutoa kipindi cha msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama Septemba na Oktoba 2022. Kila kipindi kina mwanzo na mwisho, hivyo someni tangazo lenyewe.

Tunatambua kwamba bunduki ya babu ni kumbukumbu ya ukoo, na kuitoa ni uchungu. Kumpoteza mwana wa ukoo gerezani kwa sababu yake ni uchungu zaidi.