DONGE LA DAMU LISIGUSWE
(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya wanaushirika, ghalani, siku ya kufunga msimu wa pamba)



Mkutano wetu wa leo ni wa mahesabu ya msimu, na mahesabu tumekwisha kuyasikia. Lakini kamati imetuomba tuseme machache juu ya jambo ambalo halimo katika daftari la mizani, nalo ni jambo la kung'oa jino. Tumeyaandika haya kwa mkono wetu ili yabandikwe ukutani. Asiyekuwepo leo atayasoma, na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Ndugu zangu, msimu huu tulikwenda watu watatu kutoka kijiji hiki mpaka hospitali, siku moja, basi moja, kung'oa meno. Wote watatu ni watu wa darasa la jioni la kisomo. Wawili walirudi, wakapumzika kidogo, wakaendelea na kazi. Wa tatu alikaa siku nne hajui usiku wala mchana. Huyo wa tatu ni huyu huyu anayezungumza nanyi. Tumeona tuseme wenyewe kabla hamjasemewa kilabuni.

TULIVYOCHELEWA

Jino lilianza kutuuma misimu miwili nyuma. Ni gego la chini, lilikuwa na tundu dogo kama la bunguwa katika hindi. Wakati ule lingeweza kuzibwa tu likabaki kinywani, maana si kila jino bovu ni la kung'oa. Lakini sisi tulisema, ah, litapoa. Tukaweka karafuu, likatulia. Tukaweka tumbaku. Tukasaga aspirini tukaipaka kwenye fizi, fizi ikaungua ikawa nyeupe. Yuko aliyetushauri maji ya betri, na hilo, namshukuru Mungu, hatukulifanya. Maji ya betri ni tindikali, yanaunguza nyama ya kinywa na koo.

Jamani, tuelewe. Jino lenye tundu haliponi kwa kunyamaza. Likinyamaza baada ya kuuma sana, huenda kiini chake ndicho kimekufa, na usaha unatafuta njia chini kwa chini katika mfupa wa taya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba ufa, na shavu likavimba.

Tuliogopa nini? Tuliogopa maneno. Wako wanaosema uking'oa jino la juu utapofuka. Si kweli. Jicho lina mshipa wake wa kuonea, na jino lina mshipa wake. Wako wanaosema heri fundi wa mtaani mwenye koleo, hana foleni. Ndugu, koleo lile limeingia vinywa vingapi, na limechemshwa lini? Damu ya mtu huweza kubeba virusi vya ukimwi na vya homa ya ini. Jino likatolewe mahali ambapo vyombo vinatakaswa na sindano ni mpya.

SIKU YENYEWE

Kabla ya yote mganga aliuliza maswali. Una presha? Una kisukari? Una ugonjwa wa moyo? Unatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi? Umewahi kutoka damu isikatike? Kuna dawa inayokudhuru? Na kwa akina mama, una mimba? Haya si maswali ya udadisi. Mtu ayajibu kwa kweli, maana ndiyo yanayomwongoza mganga katika kazi yake.

Halafu sindano ya ganzi. Inachoma, hatudanganyi, lakini ni kwa muda mfupi. Baadaye mdomo unakuwa mzito kama si wako. Wakati wa kung'oa tulisikia kusukumwa na kuvutwa, tukasikia na mlio taaa! katika sikio, lakini maumivu hatukuyasikia. Misimu miwili ya woga iliisha kwa muda mfupi kuliko wa kupima marobota mawili.

Tukapewa pamba ya hospitali tuing'ate. Mmoja wetu akasema, "Kumbe pamba tunayolima ndiyo hii tunayoila!" Tukacheka kwa mdomo mmoja upande. Lakini angalieni, pamba ya kung'ata ni ile safi ya hospitali. Pamba ya ghalani ina vumbi na ina dawa za shambani. Isitiwe kidondani hata kidogo.

Tukapewa na karatasi, kila mtu yake.

KARATASI

Hapa ndipo penye aibu yetu. Pale stendi, kulikuwa na watu wengi wa mjini. Sisi tumejifunza kusoma ukubwani, na bado tunafuatisha mstari kwa kidole. Tukaona haya. Karatasi tukaikunja tukaitia mfuko wa shati, tukajifanya tumeielewa. Mama tuliyekwenda naye, mwenye wajukuu, yeye hakuona haya. Alikaa chini ya mwembe, pamba mdomoni, akaanza kusoma kimoyomoyo huku kidole kinatembea. Tulimwona midomo ikichezacheza: u-si-su-ku-tu-e ki-nywa le-o. Tukasema moyoni, mama huyu mpaka amalize basi litakuwa limeondoka.

Basi jioni ile sisi tulifanya nini? Tulifika nyumbani, damu kidogo inachuruzika katika mate. Tukaona ni uchafu. Tukachemsha maji ya chumvi, ya moto kabisa, tukasukutua kwa nguvu tukatema, tukasukutua tukatema. Kisha tukakaa barazani tukavuta sigara mbili kujipongeza. Tukalala.

Siku ya tatu alfajiri maumivu yakaja. Si yale ya jino. Haya yalitoka kwenye shimo yakapanda mpaka sikioni. Kinywa kikanuka. Vidonge havikusaidia. Tukarudi hospitali, na mganga akatazama, akauliza, "Donge la damu liko wapi?" Tukasema tumelisafisha. Akatikisa kichwa.

Ndugu wanachama, hili ndilo neno letu la leo. Jino likitoka linaacha shimo. Damu inajaa katika shimo lile na kuganda. Donge lile si uchafu. Ndilo linalofunika mfupa, na chini yake ndimo nyama mpya inamoota. Sisi wakulima tunajua: ukifukia mbegu, hufukui kesho kutazama kama imeota. Anayesukutua siku ile ile, anayetematema, anayevuta sigara, anayefyonza kwa mrija, anayechokoa kwa kijiti au kwa ulimi, huyo anafukua mbegu. Mfupa unabaki wazi, na mfupa uliobaki wazi unauma. Mganga alisafisha shimo polepole, akatia dawa, na siku ile ile tukaanza kupata nafuu. Lakini nauli ilikwenda mara mbili, na siku nne za kazi zilipotea.

YALIYOMO KATIKA KARATASI

Tuliisoma baadaye darasani, sote pamoja, mama yule akitusomea. Tunayaandika hapa kwa maneno yetu.

1. Ng'ata pamba kwa nguvu ya kiasi, muda wa nusu saa au zaidi kidogo, bila kuitoa kila mara kuchungulia. Usizungumze sana. Mate yako yameze.

2. Ganzi ikiwa bado ipo, usile. Utajing'ata mdomo au ulimi bila kujua. Watoto waangaliwe hasa.

3. Siku ile ya kwanza, saa 24, usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe chai ya moto, usinywe pombe, usibebe mizigo wala kulima. Ukilala, inua kichwa kwa mto. Sigara, ugoro na tumbaku ya kutafuna viache siku tatu kwa uchache. Ukiviacha moja kwa moja, ni heri zaidi.

4. Kula vitu laini na vya vuguvugu au vya baridi: uji, mtori, ugali laini kwa mchuzi. Tafunia upande wa pili.

5. Baada ya saa 24, na si kabla, chukua nusu kijiko cha chai cha chumvi, tia katika glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka vuguvugu. Yaweke kinywani, inamisha kichwa huku na huku taratibu, kisha yaache yamwagike yenyewe. Fanya hivyo mara nne kwa siku, hasa baada ya kula. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida, ila pale kwenye kidonda upapite mbali.

6. Maumivu ya siku ya kwanza na ya pili ni ya kawaida. Meza panado kama ulivyoandikiwa, usizidishe. Aspirini usijipe mwenyewe, kwa sababu inazuia damu kuganda. Na vile vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwa jirani, usiviguse. Si kila anayeng'oa jino anahitaji dawa ya kuua vijidudu. Aliyepewa amalize dozi yake, ambaye hakupewa asiombe kwa mwenzake.

7. Mate yenye wekundu kidogo siku ya kwanza yasikutishe. Lakini damu ikitoka kwa wingi, kunja kitambaa safi kabisa, kiweke juu ya shimo, ng'ata nusu saa bila kufungua. Isipokatika, nenda hospitali, hata kama ni usiku.

8. Maumivu yakizidi siku ya pili, ya tatu au ya nne badala ya kupungua, kama yalivyotupata sisi, rudi ukatazamwe.

9. Na hili tuliandike kwa wino mwekundu. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, homa ikapanda, kinywa kikakataa kufunguka, kumeza au kupumua kukawa kwa shida, huyo mgonjwa asilale nyumbani. Apelekwe siku ile ile, iwe jino limeng'olewa au bado. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya pumzi, na mtu akafa kwa jino. Kama nauli haipo, watu wa nyumba hiyo wabishe hodi kwa jirani, kwa mwenyekiti, au kwetu. Tutakwenda kutafuta pikipiki usiku wa manane, na habari ya nani alipe nini tutaiongea kesho.

Kidonda kikiachwa kwa amani, fizi huanza kujifunga katika majuma mawili matatu. Mfupa wa chini huchukua miezi kujaa. Pengo litabaki. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, kwa hiyo tuyatunze yaliyobaki: mswaki mara mbili kwa siku, usiku kabla ya kulala usikose, kwa dawa yenye floraidi, na sukari tuipunguze, hasa kwa watoto.

Kumalizia, ndugu. Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakajifunza afya katika kampeni ya Mtu ni Afya. Wengi wao walikuwa wameanza kusoma ukubwani kama sisi, wakasoma kijitabu chao, wakachimba vyoo. Hawakuona haya ya kidole. Sisi tuliona haya, na tukalipa kwa siku nne. Karatasi iliyokunjwa mfukoni haimponyi mtu. Ukipewa karatasi, kaa chini ya mwembe, weka kidole, soma. Neno likikushinda, uliza. Wa mjini wakicheka, waache wacheke. Wao hawatakusaidia kuuguza taya.

Na kwa yule mwenzetu aliyekaa nyuma pale karibu na mizani, amefunga shavu kwa kanga tangu juzi: mama, basi la asubuhi linapita saa kumi na mbili. Tutakusindikiza.



Katibu wa Tawi