Nani Atangaze Mshindi? Hukumu ya Mei 2019 na Walioipokea

Mpiga kura wa Vihingo, kata mojawapo ya wilaya ya Kisarawe, hahitaji kusoma Katiba ili ajue nani amekalia uchaguzi. Anamjua mtendaji wa kata, anayempigia barua muhuri, na anajua kwamba juu yake yuko mkurugenzi wa halmashauri. Jirani yake wa Kibaha hali kadhalika. Kwa hiyo Mahakama Kuu ya Tanzania ilipotamka, tarehe 10 Mei 2019, kwamba vifungu vya Sheria ya Taifa ya Uchaguzi vinavyomfanya mkurugenzi kuwa msimamizi wa uchaguzi vinakiuka Katiba, jambo lenyewe lilieleweka upesi hata kwa asiyewahi kukanyaga mahakamani.

Kesi ilifunguliwa na mwanaharakati Bob Chacha Wangwe, mtoto wa Chacha Wangwe, marehemu mbunge wa Tarime. Hoja ilikuwa nyepesi kueleza: mkurugenzi huteuliwa na Rais, na Rais mara nyingi ni mgombea au mwenyekiti wa chama chenye wagombea. Upande wa walalamikaji ulitaja wakurugenzi 74 waliodaiwa kuwa makada wa chama tawala, CCM, ilhali Katiba, ibara ya 74, inawakataza wasimamizi wa uchaguzi kujiunga na chama chochote. Rais John Magufuli mwenyewe aliwahi kusema hadharani kwamba haelewi vipi mkurugenzi aliyemteua, anayempa mshahara na gari, amtangaze mpinzani. Baada ya kauli hiyo, mawakili walikuwa wamebakiwa na kazi ndogo.

Wapinzani walishangilia, lakini ndani ya kumbi za mikutano ya waandishi wa habari. Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu 2016, na zuio lilikuja kuondolewa Januari 2023. Anayepima hisia za wananchi kwa ukimya wa barabara za mwaka ule atapotoka.

Serikali ilikata rufaa. Tarehe 16 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu, ikiona kwamba sheria ina kinga za kutosha, kikiwemo kiapo cha msimamizi.

Majibu yaliyofuata hayakutoka kwa wanasheria. Wiki chache baadaye, katika maandalizi ya uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa. Wengine walilalamika kwamba walikuta ofisi za watendaji zimefungwa. Chama cha upinzani cha Chadema kikajitoa, na vyama vingine vikafuata. Waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) wakati huo alikuwa Selemani Jafo, mbunge wa Kisarawe. Aliagiza walioenguliwa warejeshwe, lakini vyama vilikuwa vimekwisha kuondoka. Tarehe 24 Novemba CCM ilipata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mhadhara huu unashikilia kwamba kususa kule ndiko kulikokuwa maoni ya umma juu ya kesi ya Wangwe, maana aliyeshindwa mahakamani kumwondoa refa aliamua kutoingia uwanjani.

Njia ya kuipinga sheria ya uchaguzi mahakamani ilikuwa imekwisha kupitwa na mwingine kabla ya Wangwe. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994 kuhusu mgombea binafsi. Bunge likabadili Katiba. Akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani ikamwangusha 2010. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikampa haki 2013. Alifariki kwa ajali ya gari mkoani Pwani, eneo la Chalinze, Oktoba 2015, na mgombea binafsi hajaruhusiwa.

Wangwe naye, pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, alipanda Arusha, na tarehe 13 Juni 2023 mahakama hiyo ikakubali kwamba haki zimekiukwa. Safari hii sheria iliguswa. Sheria mpya ya uchaguzi, Na. 1 ya 2024, haimtaji tena mkurugenzi kuwa msimamizi kwa cheo chake. Tume ya uchaguzi inamteua msimamizi miongoni mwa watumishi waandamizi wa umma. Chadema, iliyoandamana Dar es Salaam tarehe 24 Januari 2024 kupinga miswada ya uchaguzi iliyozaa sheria hiyo, iliona mtumishi wa umma ni yuleyule kwa kofia nyingine. Dai hilo limezidi kiasi: cheo cha mkurugenzi peke yake hakimpi tena mtu usimamizi wa uchaguzi. Lakini uchaguzi wa vijiji na vitongoji wa tarehe 27 Novemba 2024, ule unaomgusa kwanza mtu wa Vihingo, ulibaki chini ya TAMISEMI.